Sukuki ni hati ya umiliki

Sukuki ni neno la Kiarabu, wingi wa sakk, yaani hati. Magazeti yetu hupenda kuiita "hatifungani ya Kiislamu". Jina hilo linaeleweka upesi, lakini linapotosha. Mwenye hatifungani ameikopesha serikali au kampuni, naye hulipwa riba. Mwenye sukuki hakukopesha, bali amenunua fungu katika mali. AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, inaieleza kuwa hati zenye thamani sawa, zinazowakilisha sehemu ya umiliki wa mali, manufaa yake au huduma.

Tuchukue sukuki ya ijara, yaani ya kupangisha. Serikali huliuza jengo kwa kampuni maalumu iliyoundwa kwa kazi hiyo. Kampuni huugawa umiliki katika hati, watu wakazinunua, kisha serikali ikalipanga jengo lilelile. Kodi ya pango ndiyo pato la wenye hati, na muda ukiisha serikali hulinunua tena.

Kumwandikisha mnunuzi mdogo na kumgawia kodi yake ni kazi yenye gharama, ndiyo maana hati hizi kwa kawaida zilinunuliwa na benki na mifuko mikubwa. Teknolojia ya kidijitali inaipunguza gharama hiyo. Mwaka 2020 Malaysia iliuza Sukuk Prihatin kupitia huduma za benki mtandaoni, kuanzia ringgit 500, ikakusanya zaidi ya ringgit milioni 600. Kwetu Afrika Mashariki, M-Akiba ya Kenya ilionyesha mwaka 2017 kwamba mwananchi anaweza kununua hatifungani ya serikali kwa simu, kuanzia shilingi 3,000. Ile ilikuwa ya riba, lakini njia hiyohiyo inaweza kubeba sukuki. Na sukuki yenyewe si ngeni kwetu: nchini Tanzania benki ya KCB ilitoa Fursa Sukuk mwaka 2022.

Hata hivyo, simu haiugeuzi mkataba wa riba kuwa halali kwa sharia ya Kiislamu. Mnunuzi anayebonyeza "kubali" ana haki ya kujua ananunua fungu katika mali ipi, kodi inatoka wapi, na hasara ikitokea itamwangukia nani. Jina "hatifungani" humfanya asiulize.

Kwa hiyo tuseme sukuki, na tuifafanue kuwa "hati ya umiliki wa pamoja". Nanyi mnaozitoa hati hizi, andikeni kwa Kiswahili, kwenye skrini ya kwanza kabisa, jina la mali inayouzwa.