Muuguzi Mkuu wa Kituo: Uongozi wa Uuguzi kutoka Gitega hadi Gasorwe

Katika vilima vya Burundi, mkuu wa kituo cha afya kwa kawaida ni muuguzi, si daktari. Cheo chake hutajwa kwa Kifaransa: titulaire. Yeye ndiye anayempima mgonjwa, anayeandika dawa, anayeamua nani apelekwe hospitali na nani arudi nyumbani. Ndiye pia anayepanga zamu, anayetunza stoo ya dawa na anayepeleka ripoti wilayani kila mwezi. Ndivyo ilivyo Gasorwe, katika eneo la Muyinga upande wa kaskazini-mashariki, kama ilivyo katika vilima vya Gitega. Madaraka hayo hayakutokana na nadharia yoyote ya uuguzi. Yalitokana na uchache wa madaktari, na kila kipindi cha historia ya nchi kikayaongezea uzito.

Kabla ya ukoloni, tiba ilikuwa mikononi mwa waganga wa mitishamba, wapiga ramli na wakunga wa jadi. Dawa za kizungu ziliingia pamoja na misheni. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera, karibu na Gitega, mwaka uliofuata. Wajerumani walifanya Gitega kuwa makao ya utawala wao mwaka 1912, lakini miaka minne baadaye Wabelgiji waliiteka nchi. Chini ya Wabelgiji, daktari mmoja alisimamia eneo kubwa, na kazi ya kila siku katika zahanati ilifanywa na wasaidizi Waafrika waliofundishwa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kupambana na maradhi kama buba.

Elimu ya juu zaidi ilipatikana Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda. Shule iliyoanzishwa huko mwaka 1929 na Mabruda wa Upendo ilipokea vijana wa Rwanda na Urundi, jina la Burundi wakati huo, na miongoni mwa idara zake ilikuwepo ya wasaidizi wa tiba. Ilikuwa shule ya wavulana. Kwa hiyo uuguzi wa serikali ulianza kama kazi ya wanaume, tofauti na Uingereza, ambako Florence Nightingale aliujenga kama taaluma ya wanawake. Wanawake waliingia zaidi kwa mlango wa dini: kwanza masista kutoka Ulaya, kisha watawa Warundi wa shirika la Bene-Tereziya, lililoanzishwa mwaka 1931. Waprotestanti nao walijenga hospitali zao. Marafiki (Waquaker) kutoka Kansas, Marekani, walifika Kibimba mwaka 1934, Waanglikana wakakaa Buhiga, katikati ya Gitega na Muyinga, na Wamethodisti Huru wakaanzisha hospitali ya Kibuye miaka ya 1940. Hospitali hizo zilifunza wauguzi wake zenyewe, wodini, kwa kutazama na kutenda.

Nadharia ilikuja baadaye, kupitia vitabu vya Kifaransa. Aliyepata nafasi kubwa katika shule zinazotumia lugha hiyo ni Mmarekani Virginia Henderson, ambaye mwaka 1960 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilichapisha kijitabu chake cha misingi ya uuguzi. Henderson alitaja mahitaji 14 ya binadamu, kuanzia kupumua, kula na kulala hadi kuabudu, kufanya kazi na kujifunza. Kwake, muuguzi humsaidia mtu kutimiza yale ambayo angeyafanya mwenyewe lau angekuwa na nguvu, nia na maarifa.

Fundisho hilo lilipofika Burundi lilikuta kazi imegawanywa kwa namna nyingine. Kumwosha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza kitandani na kumfulia nguo ni wajibu wa ndugu anayemuuguza, ambaye hulala naye hospitalini na kumpikia. Muuguzi, kwa upande wake, hushika kazi ambazo vitabu humwachia daktari: kutambua ugonjwa na kuchagua tiba. Hivyo mahitaji 14 yalikaririwa darasani, ilhali kituoni mengi kati yake yalitimizwa na familia. Nadharia iliyofaa mazingira hayo ingelazimika kuanza na watu watatu, yaani mgonjwa, ndugu yake na muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, ngazi za wauguzi zilipangwa kwa herufi na namba: A3 kwa wenye mafunzo mafupi, A2 kwa waliomaliza shule ya sekondari ya uuguzi, na A1 kwa wa elimu ya juu. Vituo vya vijijini vilitegemea hasa ngazi mbili za chini. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwalenga Wahutu waliosoma, wauguzi wakiwemo, na taaluma ikapoteza watu ambao isingeweza kuwarudisha upesi. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, viliwakimbiza wengine na kuharibu vituo vingi.

Vita vilipokuwa bado havijaisha, mlipuko mkubwa wa malaria wa miaka ya 2000 na 2001 uliyakumba maeneo ya milimani, na dawa za zamani zilikuwa zimeshaanza kushindwa. Mwaka 2003 nchi ilihamia dawa mseto, na wauguzi wa vituo ndio waliobeba mabadiliko hayo hadi kwa mgonjwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2002, serikali iliagiza wagonjwa wachangie gharama. Walioshindwa kulipa walizuiliwa hospitalini, na wengi zaidi walibaki nyumbani.

Mwaka huohuo wa 2002 kambi ya Kinama ilifunguliwa Gasorwe kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao wakitoka Kivu ya Kusini. Huduma ya kambini iliongeza majukumu: chanjo za watoto wanaowasili, lishe, afya ya uzazi, msaada kwa walioshuhudia vita. Kirundi pekee hakikutosha. Kiswahili, ambacho Wakongo wengi wamekua nacho na ambacho kina wasemaji wake Muyinga, eneo la mpakani mwa Tanzania, kilikuwa lugha ya kukutania.

Tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza huduma bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wajawazito wanaojifungua. Vituo vilifurika, dawa zikaisha, malipo ya serikali yakachelewa. Kuanzia mwaka 2006 mikoa michache ilijaribu mfumo wa kulipa vituo kulingana na idadi na ubora wa huduma, na Aprili 2010 mfumo huo ulienea nchi nzima, ukiunganishwa na huduma bure. Titulaire sasa aliandaa mpango wa kazi, alijadili bajeti na kamati ya afya iliyochaguliwa na wananchi wa vilima, na alikaguliwa rejesta kwa rejesta. Wanawake waliojifungulia katika vituo walifika takriban asilimia 60 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, na zaidi ya asilimia 80 katika ule wa 2016 na 2017. Hata hivyo, malipo kwa huduma yana hatari yake: kinachohesabika huvuta bidii, na mazungumzo marefu na mgonjwa hayana safu katika rejesta.

Afrika Mashariki inatoa mifano ya uongozi uliovuka kituo. Mkenya Eunice Muringo Kiereini alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi, kati ya 1981 na 1985. Tanzania ilipitisha sheria ya uuguzi na ukunga mwaka 2010, inayosimamia usajili na maadili. Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, sasa ina elimu ya uuguzi ya ngazi ya chuo kikuu, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilizihimiza nchi zote kuwekeza katika elimu, ajira na uongozi wa wauguzi.

Kwa vituo kama vya Gasorwe, mwito huo una maana tatu. Muuguzi anayetambua ugonjwa na kuandika dawa anahitaji mafunzo rasmi ya tiba, si uzoefu peke yake. Anayesimamia fedha na watu anahitaji kufundishwa uongozi kabla ya kukabidhiwa kituo. Na mamlaka anayoyatumia kila siku yanapaswa kuandikwa katika sheria, ili yamlinde yeye na mgonjwa wake.