Rureke wa Bese, mwimbaji wa Mwindo

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, Walikale, mashariki mwa Kongo, Shé-kárisi Candi Rureke aliimba siku 12. Aliimba, akasimulia, akacheza, akaigiza, huku mtafiti wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, na vijana wawili wa Kinyanga, kabila la mwimbaji mwenyewe, wakimfukuzia kwa kalamu. Mtu mmoja asingetosha, maana mzee akishapamba moto hangoji mwandishi. Kazi ile ndiyo Utendi wa Mwindo, uliochapwa mwaka 1969 na University of California Press.

Msomaji wa pwani aliyekulia kwenye tendi za Fumo Liyongo asitafute humo vina wala mizani. Karisi, kama Wanyanga wanavyouita utendi wao, ni masimulizi ya nathari yanayokatizwa na nyimbo kila mara. Mwimbaji hutikisa kibuyu chenye mbegu, njuga zikilia miguuni. Kando yake vijana wawili watatu hugonga mukumo, mti mkavu uliolazwa juu ya vijiti. Hadhira huitikia na kutoa vizawadi. Naye mwimbaji hana haya: Mwindo akiwa katikati ya vita, yeye huchomekea habari zake mwenyewe, akataja waliomfundisha, akakumbusha kwamba koo limekauka.

Habari za Mwindo zenyewe si za mchezo. Baba yake, Shemwindo, chifu wa Tubondo, alikwisha kupiga marufuku watoto wa kiume. Mwindo akatokea kwenye kidole cha mama yake, akazaliwa anatembea na kusema. Baba akamrushia mkuki, akamfukia hai, mwisho akamfungia ndani ya ngoma akamtupa mtoni. Mtoto akafika kwa shangazi yake, Iyangura, akarudi na jeshi la wajomba, akamwandama baba hadi kuzimu. Hakumuua, waligawana utawala. Baadaye Mwindo naye, kwa kuua joka rafiki wa Nkuba, yaani Radi, alichukuliwa mbinguni akapigwa na mvua, baridi na jua mpaka majivuno yakamtoka. Shujaa anayeadhibiwa hivyo kabla ya kutawala vizuri ni nadra, na kwangu hapo ndipo utamu wa utendi huu ulipo.

Rureke alijifunza kwa Kanyangara, akiwa kijana msaidizi wake; Kanyangara naye alijifunza kwa Bishusha. Hapakuwa na darasa. Kijana aligonga mukumo miaka na miaka, akaitikia, akaachiwa kipande kimoja, kisha kingine. Iliaminika pia kwamba Karisi, mzimu wenye jina moja na utendi, ndiye anayemtaka mtu aimbe, na anayemtii humkinga na maradhi na mauti.

Tena Rureke alimweleza Biebuyck kwamba hajawahi kuuimba utendi mzima mfululizo. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa ya vipande: leo kuzaliwa kwa Mwindo, siku nyingine safari ya kuzimu, kwa kadiri watu walivyotaka. Wasikilizaji walijua yaliyotangulia na yatakayofuata. Ule ukamilifu tunaousifu kitabuni uliletwa na haja ya mwandishi, na kwa kuwa ulinaswa kwa mkono, tuna maneno bila sauti. Kwa mwimbaji, hiyo ni hasara kubwa.

Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha Hero and Chief, chenye tendi nyingine za Mwindo kutoka kwa waimbaji wengine, na hazilingani na wa Rureke. Wakati huo Wanyanga aliowafahamu miaka ya 1950, watu kama 27,000 hivi, walijulikana zaidi katika vyuo vikuu vya mbali kuliko huko Kinshasa. Tangu mapigano ya soko la Ntoto mwaka 1993, yaliyosambaa hadi Masisi, na tangu bati ya Bisie ianze kuchimbwa, redio huitaja Walikale kwa mambo mengine.

Mhariri mwenza wa kitabu cha 1969, Kahombo Mateene, ni Mnyanga. Maandishi ya Kinyanga yalichapwa humo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Baadaye Mateene aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala, akitetea lugha za Kiafrika zitumike shuleni na serikalini.