Saa Nzima Hadi Kwenye Maji: Njia za Newala na Masasi Kabla ya Lami

Kilomita 160 za vumbi kati ya Mnivata, Newala na Masasi zinajengwa kwa lami, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wakulima wa korosho, waliozoea kusikia lori limezama mchangani huku mzigo unasubiriwa Mtwara, wana haki ya kushangilia. Lakini mwaka 2026 una jambo jingine pia. Unatimiza miaka 150 tangu Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA avuke kutoka Zanzibar na kutembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Masasi, akiwa na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani. Walikuwa wanakwenda Nyasa. Masasi ikawapendeza, wakabaki.

Aliyeziandika njia za huku kwa undani ni Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1906 alipita Masasi, Newala na Mahuta na msururu wa wapagazi, wakimbebea kamera ya sinema na fonografu ya kunasia nyimbo. Kitabu chake kilitoka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, ambaye alifundisha Kiswahili London. Weule ana majivuno ya kikoloni yanayochosha. Macho, hata hivyo, alikuwa nayo.

Kilichomshangaza ni maji. Juu ya Uwanda wa Makonde udongo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha inazama yote, haiachi kijito. Chemchemi ziko chini, kwenye mabonde yanayolizunguka genge, lile ambalo ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaona limeporomoka kuelekea Ruvuma. Vijiji viko juu. Kwa nini watu waishi mbali na maji kwa hiari yao?

Jibu alilolinukuu ni simulizi ya asili ya Wamakonde wenyewe. Mtu mmoja alitoka porini, hajaoga wala kunyoa, akachonga sanamu ya mti na kuisimamisha. Usiku sanamu ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma, mke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbemkuru, yakawa yale yale. Wakapanda hadi Mahuta, na huko juu mtoto wa tatu akaishi. Basi mzee akawausia wazao wake: msijenge mabondeni, nyumba zenu ziwe mwendo wa saa nzima kutoka kwenye maji.

Ukiondoa sanamu, wosia una akili. Mabondeni kulikuwa na mbu na homa. Huko pia ndiko walikopita wavamizi na wasaka watumwa, na pori la uwandani lilikuwa zito kiasi kwamba asiye mwenyeji hakulipenya. Hadithi inamtaja babu aliyetoa amri. Haisemi kama bibi, aliyekuja kushuka na kupanda na mtungi kichwani, aliulizwa maoni. Vijia vyembamba vya watu wanaofuatana mmoja nyuma ya mwingine vilichorwa na nyayo za wanawake kuliko za mtu mwingine yeyote.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita huku mwaka 1917, juu ya mabega ya wapagazi. Kisha mwaka 1947 Waingereza wakaanza mpango wa karanga, na kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ikajengwa reli kutoka Mtwara. Serikali yao iliuacha mpango mwaka 1951. Reli haikusikia habari: ilifika Masasi 1958, karanga zikiwa zimeshazikwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Mwambie kijana wa Masasi leo kwamba treni iliwahi kupiga honi mjini kwake, usishangae akikucheka. Newala, juu ya genge lake, haikuguswa kabisa.

Chombo kilichouweza uwanda ni Land Rover. Ilianza kuuzwa 1948 ikiwa na bodi ya aluminiamu, kwa kuwa chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita. Ufukara wa wengine ukatupa gari lisiloliwa na kutu upesi na linalosukuma kwa magurudumu yote manne. Lilikuja kama gari la bwana DC na la misheni. Lilipochakaa likawa la abiria: mabenchi mawili nyuma, magoti yanagusana, magunia kwenye keria, utingo ananing'inia.

Daraja la Mkapa, lililopewa jina la mwana wa Lupaso, Masasi, liliunganisha kusini na Dar es Salaam mwaka 2003. Bodaboda zikafuata, na sasa anayetembea huonwa kama hajajaliwa kitu.

Hapo ndipo ninapogombana na wachoraji wa barabara. Kwenye vumbi gari lilimsubiri mwenye miguu kwa sababu halikuwa na namna. Kwenye lami halitamsubiri. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati. Nafasi ipo. Mita mbili za kutembea upande wa soko, mbili upande wa shule, Tandahimba, Newala na Masasi mjini, na ziwekwe mkandarasi akiwa bado na mitambo yake hapa.