Mwenzi Mgeni Mbele ya Sheria



Katiba ya Uhuru ya Kenya, mwaka 1963, ilimpa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Mume mgeni wa mwanamke Mkenya hakupewa haki hiyo. Alitegemea kibali cha kukaa, akabaki mgeni nyumbani kwa mkewe. Miaka 47 ilipita. Katiba ya mwaka 2010 iliwasawazisha: mume au mke, baada ya miaka 7 ya ndoa, anastahili kuandikishwa akiomba, kisha kupata kitambulisho.

Tukumbuke Ruthu Mmoabu, aliyeolewa Bethlehemu, akawa bibi yake Yese, babaye Daudi. Basi tuwapokee wenzi wageni jumuiyani, tukiwahimiza kutunza vyema vyeti vyao vya ndoa.