Chumvi na Pilipili: Meza ya Mayahudi, Mkeka Wetu na Mizani ya Sheria

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Katika vijiji vyetu vya Pwani, kuanzia Zegereni hapa Kibaha mpaka Kisarawe, chakula kikitengwa mkekani huwekwa pembeni chumvi, ndimu na pilipili. Ni jambo dogo, lakini limezua maneno makubwa. Baadhi ya ndugu zetu husema kuanza kula kwa kuonja chumvi ni Sunna, na asiyefanya hivyo amepungukiwa. Wengine, baada ya kusikia kuwa Mayahudi huweka chumvi mezani kabla ya kumega mkate, husema kuwa huko ni kujifananisha nao, na humkemea mwenye nyumba mbele ya wageni wake. Wa kwanza wanamnasibishia Mtume (S.A.W.) jambo lisilothibiti kwake. Wa pili wanamharamishia Muislamu alichohalalishiwa na Mola wake. Yote mawili ni mazito, nasi tumeona turudi kwenye historia, kisha kwenye hukumu.

Chumvi kwa Mayahudi

Asili ya desturi yao ni madhabahu. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 2, aya ya 13, Wana wa Israili waliamrishwa kutia chumvi katika kila sadaka waliyoitoa. Hekalu la Jerusalem lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, sadaka zile zilikoma. Wanazuoni wao waliotunga Talmud wakafundisha kuwa, baada ya madhabahu kutoweka, meza ya mtu ndiyo inayosimama mahali pake. Ikiwa meza ni madhabahu, basi chakula ni mfano wa sadaka, na sadaka haikosi chumvi.

Jambo hili liliingia katika vitabu vyao vya sheria. Yosef Karo, ambaye kitabu chake Shulchan Aruch kilichapishwa Venice mwaka 1565, aliandika kuwa mtu asimege mkate mpaka aletewe chumvi au kitoweo, ila ikiwa mkate ni safi na hauhitaji kitu. Moses Isserles wa Krakow akaongeza kuwa ni vyema kuweka chumvi katika kila meza, kwa sababu ya ule mfano wa madhabahu. Kutokana na hayo, katika nyumba nyingi za Mayahudi mkate wa Sabato huchovywa katika chumvi. Kwao chumvi ina kazi nyingine pia: nyama hulowekwa nusu saa, hupakwa chumvi kwa muda wa saa moja, kisha huoshwa, ili damu iliyobakia ndani itoke.

Pilipili haina daraja hiyo kwao. Lakini waliijua vizuri, na wanafunzi wa elimu watapenda kujua kuwa mjadala mkali wa wanazuoni wao huitwa pilpul, jina linalonasibishwa na pilpel, yaani pilipili.

Mayahudi hawa si watu wa kusomwa vitabuni tu. Nairobi lina sinagogi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamaa waliofuata njia ya Semei Kakungulu aliyejitangaza kuwa Myahudi mwaka 1919. Wanaishi jirani na Waislamu.

Safari ya pilipili

Pilpel ya Kiebrania, filfil ya Kiarabu na pilipili yetu zote zinarejea kwenye pippali ya Bara Hindi. Jina limesafiri pamoja na bidhaa. Nasi tukaongeza letu: pilipili manga, yaani pilipili ya Manga, jina la zamani la nchi ya Uarabuni. Mmea huo asili yake ni Malabar, lakini babu zetu waliipokea kutoka katika majahazi ya Waarabu, wakaiita kwa nchi ya aliyeileta.

Katika biashara hiyo Waislamu na Mayahudi walikuwa bega kwa bega. Barua zilizohifadhiwa katika sinagogi la Ben Ezra mjini Fustat, Misri, zinamtaja Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara aliyeishi Malabar tangu mwaka 1132 hivi hadi 1149, akipeleka pilipili Aden kwa mshirika wake Madmun bin Hasan. Wote wawili walikuwa Mayahudi, na shehena zao zilipita katika bahari na bandari za Waislamu.

Ama mwambao wetu, Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, kisha akaendelea Mombasa na Kilwa. Akieleza chakula alichokirimiwa Mogadishu, anataja wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi, na vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi. Basi chumvi na pilipili zilikuwa katika sinia za Waislamu wa mwambao karibu miaka 700 iliyopita. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa tunazozijua leo hazikuwapo bado. Jamii hiyo ya pilipili asili yake ni Amerika, nayo ilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Mila hii haina uhusiano na madhabahu yoyote. Ni kitoweo.

Hadithi inayotegemewa

Wanaosema ni Sunna hutaja maneno yanayodaiwa kuwa ni wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa Sayyidna Ali (R.A.), kwamba aanze na amalize kwa chumvi kwa kuwa ni dawa ya maradhi sabini. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, ameyaorodhesha katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Ipo pia riwaya katika Sunan Ibn Majah inayoisifu chumvi kuwa ni bwana wa vitoweo, lakini isnadi yake ni dhaifu. Ni kweli kuwa Imamu al-Ghazali (R.A.) ametaja katika Ihya, mlango wa adabu za kula, kuanza na kumaliza kwa chumvi, na kitabu hicho kimesomeshwa sana mwambao. Heshima yake iko palepale, lakini Sunna huthibiti kwa hadithi iliyo sahihi. Lililo sahihi ni kutaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia na kula cha mbele yako.

Je, ni kujifananisha?

Hapana. Kujifananisha kulikokatazwa ni katika yale yaliyo alama ya dini yao au yanayowapambanua wao. Chumvi hutumiwa na watu wote. Myahudi anaweka chumvi kwa nia ya madhabahu. Mama wa Zegereni anaweka kwa sababu mchuzi umepwaya. Na Allah (S.W.) ametuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, kama ilivyo katika Surat al-Maidah, aya ya 5. Itakuwaje basi kitu kihalalishwe mezani kwao, kisha kiharamishwe mkekani kwetu?

Hukumu ya chumvi iko wapi?

Hapa ndipo tunapowaomba maimamu wapatilize. Sheria yetu haikuipeleka chumvi kwenye madhabahu, imeipeleka kwenye mizani. Katika hadithi ya Ubada bin Samit (R.A.), iliyopokewa na Muslim, chumvi ni moja ya vitu sita vya riba, pamoja na dhahabu, fedha, ngano, shayiri na tende. Kitu kwa jinsi yake kibadilishwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Jinsi zikitofautiana, kipimo kinaweza kutofautiana, ila makabidhiano yawe papo hapo. Wanazuoni wa Kishafii wamesema chumvi imetajwa kuwakilisha kila kinachotengeneza chakula, kwa hiyo pilipili nayo imo.

Mfano: mtu ana debe mbili za chumvi ya mawe kutoka Bagamoyo, akazibadilisha kwa debe moja ya chumvi laini. Hiyo ni riba, hata kama wote wameridhika. Njia halali ni ile aliyoifundisha Mtume (S.A.W.) kuhusu tende za Khaybar: uza ulichonacho kwa fedha, kisha nunua unachotaka. Akibadilisha chumvi kwa pilipili, kipimo kinaweza kuzidiana, lakini kuahirisha hakufai. Na jirani aliyeazima kikombe cha chumvi arudishe kikombe. Akishurutishwa kuzidisha, ni riba.

Basi ni msiba kwa watu kugombana juu ya kisahani kilichohalalishwa, na dukani wakapita juu ya mizani iliyotajwa na Mtume (S.A.W.) kwa ulimi wake. Tuwafundishe watu wetu kusema Bismillahi wanapokula, na kumcha Allah wanapopima.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.