Shehena ya ndege na ya meli

Shehena ya ndege na ya meli ni njia mbili kuu za kusafirisha bidhaa kati ya mabara. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou, China, hukutana na uchaguzi huu kila mara: ndege hufikisha mzigo kwa siku chache, meli huchukua wiki kadhaa hadi bandari ya Dar es Salaam.

Tofauti inayowaponza wengi iko kwenye hesabu ya nauli, si kwenye kasi. Ndege hutoza kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, wowote uliozidi. Kwa kawaida mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167. Sanduku la ukubwa huo lenye mito ya kilo 40 tu litalipiwa kilo 167. Melini, mita moja ya ujazo hulinganishwa na tani moja, kwa hiyo vigae na vyuma, ambavyo huzidi tani moja kwa ujazo huo, hulipiwa kwa uzito. Mwenye mzigo mdogo huchangia kontena na wengine, na hungoja hadi lijae.

Bei ya meli hata hivyo hudanganya, kwani kontena likichelewa kutolewa bandarini, tozo za kuhifadhi huongezeka kila siku. Simu na vipuri vya haraka hustahili ndege; samani, kamwe.

Si kila mzigo wa haraka unaoruhusiwa ndegeni: betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kama shehena katika ndege za abiria tangu Aprili 2016.