Kifaru Ndani ya Boksi

Mwaka 1965 kiwanda cha Corgi cha Swansea, Wales, kilitoa kigari cha Volkswagen Beetle chenye maandishi ya East African Safari. Juu ya paa kilibeba tairi la spea. Ukilizungusha, magurudumu ya mbele yanakata kona. Ndani ya boksi hilo hilo mtoto wa Uingereza alikuta pia kifaru wa plastiki.

Nakusanya vigari hivi hapa Ilembo, mjini Mpanda. Ninavyo sita tu. Hicho cha Corgi nilikinunua kimeshachubuka rangi, bila boksi wala kifaru, na kwa wakusanyaji upungufu huo hushusha bei. Mimi ni mwanafunzi wa historia, kwa hiyo ninachojiuliza ni kwa nini kifaru aliwekwa humo tangu mwanzo.

Vigari vya aina hii hutengenezwa kwa zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kwa kipimo cha 1:43, gari la mita nne linabaki sentimita tisa hivi. Kinachopungua si urefu peke yake. Anayetengeneza huchagua kipi kiingie na kipi kiachwe, kama anavyofanya mwandishi wa historia.

Safari yenyewe ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya ustahimilivu: maelfu ya kilomita, mchana na usiku, juu ya barabara za kawaida za vumbi. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Kilichoyaangusha mengi ni tope, mito iliyofurika na mashimo. Kifaru hakuwa na kazi kubwa hapo.

Hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda na Ford Escort, hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyekuwa ameshinda. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, pamoja na ndugu yake Jaswant. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Magari yalitoka Ulaya. Ujuzi wa barabara ulikuwa wa hapa. Lakini washindi hao wote walikuwa Wazungu na Waasia waliokuwa wakiishi huku. Mwafrika wa kijijini alikuwa pembeni ya barabara, na gari lilipozama ndiye aliyeingia topeni kulisukuma. Bila mabega yake, hata hao saba wangepungua. Hakuna kigari nilichowahi kukiona kilichouzwa na wasukumaji wake. Boksi lilikuwa na nafasi ya kiumbe mmoja wa Afrika, na nafasi hiyo akapewa mnyama.

Watoto wa huku nao wana kumbukumbu yao ya magari. Wanaunda malori kwa waya na makopo, magurudumu wanayakata kwenye kandambili zilizochakaa, usukani unapanda juu kwa fimbo ndefu ili dereva aendeshe huku anatembea. Hakuna kalibu, kwa hiyo hakuna mawili yanayofanana. Hayana boksi wala katalogi, na mvua moja ya masika inatosha kuyamaliza kwa kutu.

Beetle ya Swansea imeshapita miaka hamsini, na mtu akitaka kuijua historia yake ataipata. Lori la waya la mwaka huo huo wa 1965 sijui nani analo. Tukiandika historia kwa vile vilivyodumu tu, tutamkuta kifaru kila mara, na msukumaji hatutamkuta kamwe. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kutafuta kigari cha saba, nawatafuta wazee waliowahi kusukuma.